Nusu kaputi na maumivu: maswali yenu ya wiki hii

Dokta, nikipigwa nusu kaputi si sisikii kitu, sasa dawa ya maumivu ya nini tena?

Wewe husikii, ila mwili unajua unakatwa. Kisu kikigusa ngozi tu mapigo yaliyokuwa 65 yanaruka 95, presha juu, saa zingine chozi linatoka kwenye jicho tulilolibandika plasta. Propofoli inakulaza, kuzuia maumivu ni kazi ya fentanili au mofini, ndo maana tunachoma zote.

Eti kuna mashine inapima maumivu ya mtu aliyelala?

Zipo, ila kinachopimwa ni mwili unavyoshtuka, maana maumivu yenyewe mpaka uwe macho. ANI, iliyoanzia Lille Ufaransa, inafuatilia mapigo yanavyobadilika ukivuta pumzi, namba 0 mpaka 100, tunataka ikae 50 hadi 70, ikishuka mwili umeanza kuhangaika. Nyingine ni NOL, inavalishwa kidoleni, inasoma mapigo, jasho, joto la ngozi na mtikisiko, na yenyewe ni kinyume, 10 mpaka 25 ndo pazuri, ikipanda ikang'ang'ania huko unaongeza dawa. Huko Leiden, Uholanzi, mwaka 2019 waliijaribu kwa wagonjwa 80, waliofuatiliwa kwa NOL wakatumia remifentanili (dawa ya maumivu, ndugu ya fentanili) pungufu kwa karibu 30% na presha zao hazikuporomoka sana kama wenzao. Kwangu hilo ni kubwa, dawa hizi zikizidi mtu anaamka anatapika, anapumua polepole mno. Kama maumivu ya baadaye nayo yanapungua, tafiti bado hazikubaliani.

Mke wangu anafanyiwa operesheni hospitali ya wilaya, hawana hizo. Niogope?

Hapana kaka. Hospitali nyingi sana duniani hazina. Cha kuulizia ni kama kuna mtu wa usingizi anayekaa kichwani kwake mwanzo mwisho, presha inapimwa angalau kila dakika 5, na kile kifaa cha oksijeni cha kidoleni kinafanya kazi.

Nameza atenololi ya presha, niwaambie?

Waambie kabisa! Inashikilia mapigo yasipande, kwa hiyo mwili unaweza kuwa unateseka na namba inaonyesha shwari, iwe kwa mashine au kwa macho yetu. Mwenye betri ya moyo aseme pia, na anayekunywa tramadoli, dawa ya maumivu, kila siku, huyo dozi ya kawaida haimtoshi. Ila usiiache atenololi mwenyewe eti unajiandaa na operesheni, ukiikata ghafla moyo unaenda mbio, uliza kwanza.