Hataza ya Marekani yanizuia kuuza kifaa changu?

SWALI: Habari za kazi, wahariri. Ninatengeneza kifaa cha kuzima pampu ya kisima maji yakikata. Ndani ya bomba kuna thamista mbili (vipima joto vya umeme): moja inajipasha kwa mkondo wake wa umeme, nyingine inapima joto la maji tu. Tofauti ikipita nyuzi 5, pampu inazima. Sasa mfanyabiashara fulani ameniandikia kuwa ana hataza ya Marekani, yaani haki ya kisheria ya kuzuia wengine kuuza uvumbuzi wake, niache kuuza na nimlipe fidia. Nifanyeje? – Fundi, Majengo, Moshi

JIBU: Usilipe kwanza. Mwombe namba ya hataza, utazame herufi mbili za mwanzo. US ni ya Marekani, na haina nguvu Moshi. WO ni maombi ya kimataifa tu, si hataza. Ya kukugusa ni TZ, inayotolewa na BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara, au AP ya ARIPO, shirika la miliki ubunifu la nchi za Afrika lililoko Harare, iwapo Tanzania ni mojawapo ya nchi zilizoteuliwa humo. Hata hiyo haizidi miaka 20 tangu tarehe ya maombi, na ada ya mwaka isipolipwa hufa mapema. Ila ukivusha mzigo Holili kwenda Taveta umeingia kwenye sheria ya Kenya. Tafuta upya hataza za KE (Kenya) na AP.

Ikiwa hai, usihangaike na muhtasari wala michoro. Soma madai, yaani sentensi zinazotaja kinacholindwa hasa, na zaidi dai la 1, kipengele kwa kipengele. Kikitajwa kipashio kilichotengwa na kipima joto, huku thamista yako ikijipasha yenyewe, una hoja ya kumpelekea wakili. Mwenzako atajibu kuwa hivyo viwili ni sawasawa. Anayedai kumiliki wazo lote la kupima maji kwa joto anatisha tu: mwanafizikia L. V. King alichapisha hesabu za waya moto unaopozwa na mkondo wa hewa mwaka 1914. Machapisho yaliyotangulia tarehe ya maombi yake ndiyo silaha ya kuifuta hataza.

Hizo nyuzi 5, hata hivyo, zitakusumbua kuliko barua. Ukoko wa chumvi ukiganda kwenye thamista, joto halitoki, tofauti inapanda na pampu inazima maji yakiwapo. Mapovu hufanya vivyo hivyo, kwa hiyo ifunge ubavuni mwa bomba, si juu, na uisafishe kwa siki. Ukibuni dawa yako ya ukoko, peleka maombi BRELA kabla hujaionyesha kwa mteja yeyote.