Barua kwa mwanangu: mgongo tuliorithi na mikono ya mkiropraktiki

Mwanangu mpenzi,

Salamu kutoka Tanga. Sote hatujambo, na babu yako anakusalimu sana. Ujumbe wako nimeupata. Unauliza kama kiuno hiki kinachokuamsha usiku huko Toronto umekirithi kwetu, au umekipata ghalani unakopakua maboksi. Tena yule mkiropraktiki unayekwenda kwake, mtu wa kutibu kwa kunyoosha uti wa mgongo kwa mikono, amekwambia jeni, yaani yale maagizo ya mwili tunayorithi kwa wazazi, si kitu, mazingira ndiyo yote, na akikunyoosha pingili kila wiki mwaka mzima zile jeni "zitaamka". Unataka kujua kama uendelee kumlipa.

Nakujibu kama mama, na kama mtu aliyefanya kazi ya mazoezi ya viungo hospitalini hadi akastaafu.

Kuhusu urithi, huyo bwana amekosea. Ilidhaniwa zamani kwamba diski, zile zinazokaa katikati ya pingili za uti wa mgongo, huchakaa kwa sababu ya kubeba. Mwaka 1995 ukatolewa utafiti kutoka Finland uliowapiga picha za MRI mapacha wanaume wanaofanana, jozi 115, wengine mmoja alifanya kazi nzito na mwenzake nyepesi. Kazi nzito ilieleza asilimia 7 tu ya tofauti za uchakavu sehemu ya juu ya kiuno, na sehemu ya chini shughuli nzito za nje ya kazi zilieleza asilimia 2. Yaliyowaunganisha mapacha wenyewe, yaani jeni pamoja na malezi ya utotoni, yalieleza mengi zaidi. Babu yako alibeba marobota ya katani bandarini na kila mtu akailaumu katani. Lakini mdogo wake alikuwa karani wa kukaa mezani maisha yake yote, na kiuno chake kiliisha vilevile. Kwa hiyo ndiyo, baba, kuna kitu umepewa na ukoo huu.

Ila ulichopewa ni diski zenye kuchakaa mapema. Maumivu ni jambo jingine, na hapa nataka unisikilize vizuri. Mwaka 2015 watafiti walikusanya picha za watu zaidi ya 3,000 wasiolalamika mgongo hata kidogo. Miongoni mwa wenye umri wa miaka 20, asilimia 37 walikuwa na diski zilizochakaa. Kwa wenye miaka 80, asilimia 96. Wanatembea nazo, wanalala nazo, hawajui. Kinachoamua nani ataumia na kwa muda gani ni pamoja na usingizi, msongo wa mawazo, sigara, woga wa kujikunja na kukaa bila kujongea. Wewe unafanya zamu za usiku, unalala mchana kwenye chumba chenye kelele, na tangu uumie umeacha hata kutembea. Hayo ndiyo mazingira yako, nayo yana nguvu kweli.

Sasa huyo mkiropraktiki. Fani yake ilianza Davenport, Iowa, mwaka 1895, Daniel David Palmer alipombonyeza mgongo msafishaji wa jengo, Harvey Lillard, aliyekuwa hasikii vizuri, akadai kwamba usikivu wake umerudi. Baadaye Palmer aliandika kwamba asilimia 95 ya magonjwa hutokana na pingili zilizohama. Fani hiyo ilipoanza, kazi ya mtawa Mendel, aliyegundua kanuni za urithi, ilikuwa haijulikani, ikaja kufufuliwa mwaka 1900. Tangu hapo wakiropraktiki wengi wameachana na dai hilo la pingili. Denmark wanafunzi wao husoma chuo kikuu pamoja na wanafunzi wa udaktari. Na mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2023 kuhusu maumivu sugu ya kiuno unataja kunyoosha mgongo kwa mikono kuwa mojawapo ya tiba zinazoweza kutumika, pamoja na mazoezi na elimu kwa mgonjwa. Mikono hiyo naiheshimu. Nimewaona watu wakiinuka kitandani wepesi.

Lakini kuamsha jeni? Ni kweli mazingira huweka alama juu ya jeni bila kubadili herufi zake. Waholanzi waliotungwa mimba wakati wa njaa ya 1944 na 1945 walikutwa na tofauti za alama hizo miaka sitini baadaye. Hiyo ni njaa ya kikatili, tena mtoto akiwa tumboni. Kutoka hapo hadi kubonyezwa mgongo kila Alhamisi ni mbali mno.

Mfikirie binti wa mama yako mdogo, yule mwenye selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Herufi moja tu ya jeni imebadilika. Mtafiti Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alionyesha mwaka 1954 kwamba mwenye kurithi jeni hiyo kwa mzazi mmoja tu hukingwa dhidi ya malaria kali. Ndiyo maana imeenea kwetu. Mbu wa pwani wamesaidia kuamua damu yetu iweje. Hakuna mkono unaoirekebisha jeni ile mgongoni, lakini chandarua, maji ya kutosha, chanjo na dawa ya haidroksiurea vinamwezesha binti yule kwenda shule. Jeni ni ileile, maisha ni tofauti kabisa.

Kwa hiyo nenda kwake mara chache, na kama unapata nafuu itumie hiyo nafuu kutembea na kufanya mazoezi. Usisaini mkataba wa mwaka. Shingo asiizungushe kwa nguvu: ni nadra, lakini mishipa ya damu ya shingoni imewahi kuchanika. Sigara uiache, maana mapacha wavutaji walikuwa na diski zilizochakaa kuliko ndugu zao wasiovuta.

Hujaniambia kama maumivu ya usiku yanakuja na homa, jasho au kupungua uzito. Kama ndivyo, nenda kwa daktari kesho, umwambie umekulia Tanga, ili akumbuke kupima kifua kikuu cha uti wa mgongo. Ukifa ganzi sehemu za siri au mkojo ukakataa kutoka, usingoje kesho, nenda hospitali saa hiyohiyo.

Nijibu hilo leo, na unitumie ripoti ya MRI tuisome pamoja Jumapili.

Mama yako