Mpwa wangu na kiberiti

Mhariri, mmeuliza wiki hii: kijana mwenye tabia ya kuchoma vitu vya watu apelekwe polisi, achapwe, au kuna pengine pa kumpeleka? Mimi ni mjomba mtu, naishi Newala, na nilianza na fimbo. Haikufaa kitu.

Mpwa wangu alikuwa na miaka 12 alipochoma kibanda cha jirani pembeni ya mikorosho. Ilikuwa Septemba, majani yamekauka kau. Huku juu maji ni ya shida, tukazima kwa mchanga na matawi mabichi. Mikorosho minne ikaungua. Kwa sisi Wamakonde mtoto akiharibu anaitwa mjomba, basi nikalipa, nikamchapa, nikaona yamekwisha. Wiki tatu baadaye nikakuta majivu nyuma ya choo cha bibi yake, yamefukiwa kwa ustadi. Kumbe nilimfundisha kuficha.

Wale watoto wanaochoma pori wakisaka panya ni habari nyingine. Wameyaona kwetu wakubwa, na wa kukemewa kwanza ni sisi. Huyu wangu aliwasha peke yake, wala hakuwa anasaka chochote.

Mwenyekiti wa kijiji ndiye aliyetuelekeza kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Mimi nilidhani yule mama kazi yake ni kesi za ndoa na matunzo tu. Hakumwuliza kwa nini alichoma. Alimwuliza siku ile alitoka wapi, alikula nini, nyumbani alikuwepo nani. Taratibu ikatoka: dada yangu yuko Dar, anafanya kazi za ndani, na kila moto uliwashwa siku aliyoahidi kupiga simu asipige. Nikabaki natazama kandambili zangu.

Tulichofanya hakikuwa kikubwa. Kiberiti cha bibi kikahamia pindo la kanga yake. Dada akapangiwa Jumapili jioni, kwenye simu yangu. Kijana akaenda kukandika udongo kibanda kipya cha jirani, mimi nikimsogezea ndoo. Na kila baada ya wiki mbili alirudi kwa yule mama kuzungumza.

Wanaotishia jela wajue hili: mtoto wa chini ya miaka 10 hahesabiwi kosa la jinai, na Sheria ya Mtoto ya 2009 hairuhusu mtoto kuhukumiwa kifungo. Mtoto ni kila aliye chini ya miaka 18. Aliye mbali na halmashauri apige 116, simu ya watoto, ni bure. Moto wenyewe ukishawaka ni 114. Zimamoto ya London ina watu maalumu wa kuzungumza na watoto wa namna hii pamoja na wazazi wao. Kwangu mlango ulikuwa ustawi.

Sitadanganya kwamba amepona. Mwezi wa tatu alichoma daftari lake. Ila Jumapili iliyopita, magharibi imeshaingia, alinijia na kiberiti mkononi, sijui alikitoa wapi.

"Mjomba, shika hiki. Mama hajapiga."

Nikakipokea, tukampigia sisi.