Baiti 2828 badala ya 2500: kusoma faili la maandishi na kuandika la binari katika C

Mkuu, umesema unasoma faili la maandishi lenye mistari 100, kila mstari una jina la bidhaa na idadi yake, kisha unaandika rekodi hizo kwenye faili la binari kwa fwrite, amri ya C inayoandika baiti jinsi zilivyo. Ulitarajia baiti 2500: baiti 21 za jina na 4 za idadi, mara 100. Linux imekupa 2828, Windows 2841, na ukilisoma tena faili hilo bidhaa ya mwisho inajitokeza mara mbili. Yote hayo yamenipata, na la kwanza nililojifunza ni kupiga hesabu kabla ya kugusa kodi ya programu.

Gawanya 2828 kwa 28. Inatoka 101 bila baki. Kwa hiyo namba moja imebeba makosa mawili: rekodi zako ni 101, na kila rekodi ina baiti 28, si 25. Zile 13 zilizoongezeka Windows ni kosa la tatu, halihusiani na hayo mawili.

Rekodi ya 101 inatokana na kitanzi chako cha `while (!feof(f))`, kinachoiuliza feof kama faili limekwisha. feof haitabiri. Inakubali kwamba faili limekwisha pale tu ambapo umeshajaribu kusoma ukakosa. Ukimaliza mstari wa 100 bado inasema hapana, unaingia tena kwenye kitanzi, fscanf (amri inayosoma maneno na namba) inashindwa, vigeuzi vimebaki na thamani za zamani, nawe unaziandika tena. Sharti la kitanzi liwe usomaji wenyewe, kwa fgets inayosoma mstari mmoja mzima:

`while (fgets(mstari, sizeof mstari, f) != NULL)`

Kisha uchambue mstari ukiwa mkononi, namba kwa strtol, inayogeuza maandishi kuwa namba na kukuonyesha ilipoishia. Nakusihi uachane na fscanf kwa kazi hii. Niliwahi kupokea faili ambamo mtu alichapa herufi O mahali pa sifuri: "misumari 1O", na mstari uliofuata "kufuli 40". `%d`, alama inayoiambia fscanf isome namba, ilichukua 1 ikaiacha O. Mzunguko uliofuata, O ikawa jina la bidhaa; `%d` ikagonga neno "kufuli", ikashindwa, idadi ya zamani ikabaki. Mzunguko wa tatu kila kitu kikarudi sawa. Nikawa na misumari 1 badala ya 10, na bidhaa iitwayo O, na hakuna ujumbe wowote wa kosa. Kwa fgets na strtol ungeona kwamba namba iliishia kwenye O, ukakataa mstari huo na kutaja ni wa ngapi. Kumbuka tu kwamba fgets huacha alama ya mstari mpya mwishoni, na faili lililotoka Windows likisomwa Linux huwa na `\r` kabla yake. Ziondoe zote mbili.

Sasa baiti 28. Kompaila, programu inayotafsiri kodi yako, inataka int (hapa namba nzima ya baiti 4) ianzie kwenye anwani inayogawanyika kwa 4, kwa hiyo baada ya baiti 21 za jina inaacha 3 za kujazia. Ukiandika struct nzima (jina na idadi vikiwa kitu kimoja) kwa fwrite, hizo nazo zinaenda diskini, na hakuna anayekuhakikishia zina nini ndani. Mkia wa jina una tatizo hilohilo: strcpy, inayonakili neno, inaishia kwenye sifuri ya mwisho wa neno, baiti zinazobaki hazijaguswa. Siku moja nilifungua faili langu kwa heksadesimali (namba za msingi wa 16) nikakuta, nyuma ya majina mafupi, vipande vya majina marefu ya rekodi zilizotangulia. Ingekuwa ni nywila ya mtu ingekuwa imekwisha safiri na faili. Zaidi ya hapo, ukiendesha programu mara mbili kwa data ileile unaweza kupata mafaili mawili tofauti, ukashindwa hata kuyalinganisha.

Wengi watakushauri utumie `#pragma pack`, agizo la kuibana struct, ili zile 3 zitoweke. Mimi sikubali. Utapata 25, lakini bado unamwaga kumbukumbu ya kompyuta yako diskini jinsi ilivyo, na kompyuta nyingine haina wajibu wa kuipanga hivyo. Nililipa gharama ya hilo nilipohamisha faili kutoka kompyuta ya kawaida kwenda kwenye kifaa ambacho prosesa yake huweka baiti kubwa kwanza. Idadi 12 ilisomeka 201326592. Nilihangaika usiku tatu nikitafuta kosa kwenye usomaji, kumbe kodi ya kusoma haikuwa na kosa hata moja. Baiti 0C 00 00 00 (0C ni 12 kwa heksadesimali) zilikuwa zinasomwa kutoka upande wa pili.

Amua wewe mwenyewe kila baiti ikae wapi, kisha uiandike hapo:

```
void weka_u32(unsigned char *b, uint32_t n)
{
    b[0] = n & 0xFF;
    b[1] = (n >> 8) & 0xFF;
    b[2] = (n >> 16) & 0xFF;
    b[3] = (n >> 24) & 0xFF;
}
```

Tengeneza safu ya `unsigned char rekodi[25]`, isafishe kwa memset (ijaze sifuri), nakili jina, ita `weka_u32(rekodi + 21, idadi)`, andika baiti 25. Aina ya uint32_t iko kwenye stdint.h tangu C99. Wakati wa kusoma fanya kinyume chake, ila uigeuze baiti kuwa uint32_t kabla ya kuisogeza: `(uint32_t)b[3] << 24`. Usipofanya hivyo inapandishwa kuwa int, na baiti ya 128 kwenda juu inagusa sehemu ya alama ya hasi. Kodi hii inatoa faili lilelile kwenye prosesa yoyote, wala huhitaji kujua yako inapanga vipi.

Zile 13 za Windows: umefungua faili la binari kwa "w"; andika "wb", b ikiwa ni ya binari. Bila b, Windows inadhani kila baiti yenye thamani 10 ni mstari mpya, inatanguliza baiti yenye thamani 13 mbele yake. Tafuta bidhaa zenye idadi 10, au 266, ambayo nayo ina baiti ya 10 ndani. Upande wa kusoma ni hatari zaidi, kwa sababu bila b Windows huchukulia baiti 26 kuwa mwisho wa faili. Bidhaa yenye idadi 26 itakukatia zote zinazoifuata. Waliobuni PNG waliliona hili mapema. Kila picha ya PNG huanza na 89 50 4E 47 0D 0A 1A 0A, na 0D 0A pamoja na 0A ya mwisho (13, 10 na 10) ziliwekwa makusudi ili faili lililopita kwenye mageuzi ya namna hii litambulike papo hapo. Linux haijali b, lakini iweke siku zote.

Kagua pia jibu la fclose, inayofunga faili. fwrite mara nyingi huacha data kwenye bafa, yaani hifadhi ya muda kwenye kumbukumbu, kwa hiyo diski iliyojaa inaweza kujulikana mwishoni kabisa. Programu yangu iliwahi kutangaza imekamilisha kazi huku faili likiwa nusu, kwa sababu sikuuliza.

Ukisharekebisha, faili liwe na 2500 kamili kwenye kompyuta zote mbili. Kisha lipitishe kwenye `hexdump -C` au `xxd`, zinazoonyesha baiti kwa heksadesimali, na usome rekodi ya kwanza kwa macho yako. Kama idadi yake ni 12, baiti ya 22 iwe 0C, na tatu zinazofuata ziwe 00.