Maswali na Majibu: Kisukari cha Dawa Kilipofika Machoni

Swali: Mgonjwa ametumia prednisoloni (dawa ya steroidi) kwa muda mrefu kama alivyoandikiwa. Daktari ameandika: "Kisukari kilichosababishwa na steroidi. Retinopathi ya wastani, mishipa mipya haijachipua, macho yote. Uvimbe wa makula jicho la kulia pekee. Anachoma insulini kila siku." (Retinopathi ni ugonjwa wa retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga; makula ni sehemu ya katikati ya retina.) Kwenye dai la bima niliweka msimbo wa ugonjwa E11.3313, dai likarudishwa. Kosa liko wapi?

Jibu: Makosa ni mawili, na yote yamo ndani ya msimbo huo mmoja.

La kwanza ni aina ya kisukari. E11 ni aina ya 2. Daktari akishaitaja dawa kuwa ndiyo chanzo, ICD-10-CM, orodha ya misimbo ya magonjwa inayotumika Marekani, inakupeleka E09. Wengi hukimbilia E11 kwa sababu kanuni inasema aina isipotajwa tuchukulie ni ya 2. Lakini hapa imetajwa, tena waziwazi. (Wanaotumia ICD-10 ya Shirika la Afya Duniani wasiitafute E09 humo: kisukari huko kinaanzia E10 na kuishia E14.)

La pili ni tarakimu ya mwisho. Soma msimbo wa jicho la kulia, E09.3311, kipande kwa kipande: E09 ni kisukari cha dawa au kemikali, 3 baada ya nukta ni madhara ya macho, 3 inayofuata ni retinopathi ya wastani isiyochipua mishipa, 1 ni uvimbe wa makula upo, 1 ya mwisho ni jicho la kulia. Kushoto ni 2, macho yote 3, na 9 ni pale jicho halikutajwa. Wewe ulipoishia na 3 ulisema makula imevimba pande zote mbili, jambo ambalo daktari hakuliandika. Macho yakitofautiana, kila jicho lipewe msimbo wake.

Rekodi hiyo basi inakuwa hivi: E09.3311 kwa jicho la kulia, E09.3392 kwa la kushoto (9 hapa, kabla ya tarakimu ya mwisho, ni makula haijavimba), T38.0X5A kuonyesha kwamba ni athari ya steroidi, Z79.4 kwa insulini ya muda mrefu, na Z79.52 kwa matumizi ya muda mrefu ya steroidi za mwili mzima. Ugonjwa uliosababisha apewe prednisoloni nao usiusahau. Insulini iliyochomwa kwa muda tu, kushusha sukari iliyopanda ghafla, haistahili Z79.4.

Hiyo X katikati ya T38.0X5A si pambo. Inashika nafasi ili herufi ya saba ikae mahali pake, na ukiiruka msimbo hautakubalika. Ndivyo ilivyo pia kwa uvimbe wa makula uliokwisha baada ya matibabu: E09.37X1 kwa jicho la kulia.

Swali: Msimbo wa T unatangulia au unafuata? Kila mtu ananiambia lake.

Jibu: Inategemea dawa ilitumikaje. Kama ilikuwa sahihi na ikanywewa ilivyoagizwa, hiyo ni athari ya dawa: E09 inatangulia, T yenye 5 inafuata. Kama dozi ilizidishwa kwa bahati mbaya, au mtu alikunywa dawa ya mwingine, hiyo ni sumu: T38.0X1A inatangulia, E09 inafuata. Kwa hiyo kabla ya kufungua kitabu cha misimbo, soma karatasi ya dawa na maelezo ya daktari.

Swali: Mgonjwa huyohuyo wa steroidi akipata mtoto wa jicho, natumia E09.36 moja kwa moja?

Jibu: Hapa ndipo tunapowaomba mpunguze mwendo. Steroidi huharibu jicho kwa njia mbili. Inaweza kuleta kisukari, kisha kisukari kikaleta mtoto wa jicho. Inaweza pia kutia ukungu kwenye lenzi yenyewe, bila sukari kuhusika. Njia ya kwanza ni E09.36. Ya pili ni kundi la H26.3: H26.31 kulia, H26.32 kushoto, H26.33 yote mawili, pamoja na T38.0X5A.

Kanuni inaruhusu kuunganisha kisukari na mtoto wa jicho vikiwa katika rekodi moja, isipokuwa daktari awe ametaja chanzo kingine. Akiandika "mtoto wa jicho kutokana na steroidi", ruhusa hiyo imekwisha. Maandishi yakipingana, muulize, lakini usimwekee jibu mdomoni. Andika hivi: "Rekodi inaonyesha kisukari cha steroidi na mtoto wa jicho macho yote. Tafadhali bainisha chanzo cha mtoto wa jicho: kisukari, steroidi, umri, kingine, au haijulikani." Kuona kwenye maelezo kwamba ukungu uko nyuma ya lenzi hakukupi mamlaka ya kuamua mwenyewe, hata kama unajua steroidi hupenda kushambulia hapo. Presha ya macho iliyoletwa na dawa nayo ina kundi lake, H40.6, si E09.39 (madhara mengine ya kisukari machoni).

Swali: Sukari imepanda baada ya steroidi, ila neno "kisukari" halimo popote.

Jibu: Basi E09 haimo pia. Weka R73.9 (sukari imepanda, basi) na T38.0X5A. Na kama mgonjwa alikuwa na aina ya 2 tangu awali, steroidi ikampandishia sukari tu, hahamii E09: anabaki E11.65 (aina ya 2 yenye sukari iliyopanda), na T38.0X5A inafuata.