Flaiwili ya pikipiki inashikwa na koni, sio nati: kwa mnaoanza kufungua wenyewe nyumbani

Wadogo zangu mnaoanza kushika spana, kabla hujagusa hata bolti moja elewa kwanza kitu kimoja, maana ukikielewa hicho kazi yote inaeleweka na usipokielewa unaweza kuharibu krenki (mhimili wa injini unaozungushwa na pistoni) kwa kazi ya koili tu, yaani vile vilima vya waya vya umeme vilivyo kwenye flaiwili. Ncha ya krenki imechongwa koni, na tundu la flaiwili, lile gurudumu zito lenye sumaku linalokaa kwenye ncha hiyo, ndani lina koni hiyohiyo, nati kazi yake ni kuzisukuma hizo koni mbili zibanane, na zikishabanana vizuri chuma kwa chuma ndio zinabeba mzigo wote. Kale kakii ka nusu mwezi, kipande kidogo cha chuma kinachochomekwa kati ya krenki na flaiwili, kako pale kuonyesha pa kukaa tu, ili sumaku zikae kwenye pembe yake na plagi ipige moto kwa wakati. Wengi wanadhani kii ndio inazuia flaiwili isizunguke kwenye krenki. Hapana, mzigo wote ukiangukia kii inakatika, na ndio unaona pikipiki inagoma kuwaka, kiki inakurudisha mguu, inapiga mabomu kwenye ekzosi, mtu anabadilisha plagi na CDI (kisanduku kinachoamuru plagi ipige moto) na kabureta halafu tatizo bado lipo palepale.

Haya, tuanze. Toa waya wa betri upande wa negativu. Angalia kama injini yako flaiwili yake inaogelea kwenye oili au iko pakavu, kama ni ya oili mwaga kwanza, usifungue kava ndio ushtuke sakafu imejaa. Piga picha kila hatua, hasa njia ya waya za koili na zile raba zinazozibana, kwa sababu waya ukirudi vibaya utagusa flaiwili inayozunguka na utaliwa wote. Bolti za kava hazilingani urefu, chukua kipande cha boksi utoboe matundu kufuata umbo la kava uzipachike humo kila moja mahali pake. Kava lenye koili ndani yake linavutwa na sumaku, linatoka kwa ubishi na wakati wa kurudisha linajivuta lenyewe ghafla, kwa hiyo vidole visikae kwenye ukingo.

Nati sasa. Ukiifungua tu krenki itazunguka, lazima ushike flaiwili. Kifaa chenyewe ni kishikio cha mkanda au cha mikono miwili. Kama ni mkanda hakikisha haukai juu ya lile nundu la nje linalopita mbele ya pikapu (kihisio kidogo kando ya flaiwili), nundu hilo ndilo linaloambia CDI wakati wa kupiga moto. Kama cheni bado ipo unaweza kuweka gia ya juu kabisa na mwenzako akakanyaga breki ya nyuma kwa nguvu, inasaidia sana. Ninachokataa kabisa ni kuchomeka bisibisi kwenye tundu za flaiwili au kati ya meno ya gia, kitu fulani lazima kitapasuka, na kamba ya kuingiza kwenye tundu la plagi pia siipendi kwa injini ya stroku nne maana valvu ikiwa wazi kamba inaweza kuibana na kuipinda.

Nati imetoka lakini flaiwili haitikisiki hata kidogo, mgeni hapo ndio anatafuta nyundo. Usipige flaiwili wala ncha ya krenki! Krenki nyingi za pikipiki ndogo zimeunganishwa kwa kushindiliwa, vipande viwili na pini katikati, ukigonga vibaya inatoka kwenye mstari na injini itatetemeka hadi uifungue yote, na sumaku nazo nyingine zimegandishwa kwa gundi, zikiachia zinasagika humo ndani. Pula (kifaa cha kuvuta flaiwili itoke) ya miguu inayoshika ukingo nayo ni hivyohivyo, inapindisha flaiwili. Tafuta pula ya modeli yako, inayojifunga kwenye thredi za katikati ya flaiwili. Angalia thredi hizo kwa makini, baadhi ni za kushoto, unazungusha kinyume na ulivyozoea, ukilazimisha umezichuna na hapo hakuna pa kushika tena. Rudisha bolti ya katikati ya pula nyuma kabisa, ingiza mwili wa pula kwa mkono mpaka mwisho, sio thredi mbili tatu halafu ukaanza kukaza. Kama krenki yako inatumia bolti badala ya nati, weka kizibo cha chuma mbele ili ncha ya pula isiharibu thredi za ndani.

Halafu kaza bolti ya katikati, kaza sana, simama. Gonga kichwa cha hiyo bolti ya pula mara moja kavu kwa nyundo ndogo, kaza tena kidogo, gonga. Utasikia TAK! na flaiwili imelegea mkononi. Ikikataa, pasha kitovu chake kwa upepo wa moto wa mashine, sio kwa moto wa gesi, kuna sili (raba inayozuia oili isivuje) pale nyuma na joto kali linadhoofisha sumaku. Kama ina klachi ya stata nyuma toa taratibu, roli na vispringi vyake vinaruka.

Kii ikatoka? Ishike kwenye mwanga upitishe ukucha ubavuni, ukihisi kangazi kadogo tu tupa, nunua mpya. Sili ya krenki ikivuja badilisha sasa hivi, hutaki kurudia kazi yote hii.

Kurudisha ndio wengi wanaharakisha. Koni zote mbili zifutwe kwa kisafisha breki mpaka kitambaa kinatoka cheupe, zikauke, usipake oili wala grisi hata chembe. Ukiona madoa mekundu au mikwaruzo, toa kii, paka pesti laini ya kusagia valvu, zungusha flaiwili kwa mkono huku na huku mpaka koni zote ziwe na rangi moja ya kijivu, halafu osha pesti yote. Chungulia ndani kwenye sumaku pia, zinanasa nati na vumbi la chuma. Kii ikae sambamba na koni, isipande juu ikabeba flaiwili, maana hapo koni hazitagusana hata ukikaza vipi. Nati kaza kwa toki renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza) na namba ya kitabu cha pikipiki yako, usikisie.

Kabla ya kiki, toa plagi, zungusha injini kwa mkono mizunguko kadhaa usikie kama kuna kinachogusa. Kila kitu kikiwa sawa rudisha plagi, waya wa betri na oili kama uliimwaga, halafu washa, na ukisikia mlio wa kugonga au kusugua kwenye kava zima hapohapo ufungue uangalie waya na pikapu kwanza.