Nina divisheni three ila chuo wamenikataa, nirisiti au niende diploma?

SWALI: Dada shikamoo. Mimi ni mama wa mtoto mmoja wa miaka miwili, niko Kahama. Nilimaliza form six 2022 kombi ya HGK nikapata E ya History, E ya Kiswahili na S ya Geography, divisheni three. Nyumbani walifurahi kweli, mama akachinja kuku. Nikaomba digrii ya ualimu vyuo vitatu, vyote vikanitema. Tangu hapo niko kwenye kibanda cha kutoa na kuweka pesa. Sasa nataka nirisiti, yaani nirudie mtihani, Mei ila mume wangu anasema ni kutupa hela, na mimi naogopa nikifeli tena uso wangu nitauweka wapi. Nirisiti au nitafute diploma tu? Mama K.

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Naona hakuna mtu aliyewahi kukaa na wewe akakueleza hizo hesabu, na hili linaniuma kwa sababu wako wengi wa hivyo, wanazunguka miaka wakidhani wameonewa au wana mkosi.

Iko hivi. NECTA, yaani baraza la mitihani, wakipanga divisheni, namba ndogo ndiyo nzuri. E ni 5, S ni 6, kwa hiyo wewe una 16, na three inaanzia 13 mpaka 17, umo ndani kabisa. Mama hakukosea kuchinja kuku. Lakini kwenye kuingia digrii TCU, ile tume ya vyuo vikuu, wanahesabu kinyume chake, A ni 5, B 4, C 3, D 2, E 1, wanachukua principal mbili, yaani masomo mawili uliyopata kuanzia E kwenda juu, na wanataka jumla isipungue 4.0. Zako mbili zinatoa 2. Ndo maana ukatemwa kotekote, na hata ungeomba vyuo kumi jibu lingekuwa lilelile.

Sasa angalia vizuri, unachohitaji ni D mbili, yaani upande gredi moja History na gredi moja Kiswahili. Siyo mlima huo. Ila private, yaani anayefanya mtihani bila kuwa shuleni, hana alama za darasani za kumbeba, ni ile karatasi tu siku ile, na wewe hujaandika insha kwa mkono tangu 2022. Mkono unasahau jamani. Mimi nilirisiti nikiwa nafanya kazi, mara ya kwanza nilisoma notisi zangu za zamani usiku nikajiona naelewa kila kitu, kufika kwenye chumba cha mtihani nikamaliza insha mbili muda ukaisha. Kusoma nilisoma, kuandika ndo sikujizoesha.

Kwa hiyo kabla hujalipa hata shilingi, tafuta pastpaper ya History, mtoto mwachie mtu, simu zima, kaa masaa matatu kamili uandike bila kufungua daftari, halafu umpelekee mwalimu anayefundisha form six hapo Kahama akusahihishie bila huruma. Fanya hivyo hivyo na Kiswahili. Ukishindwa kuyapata hayo masaa matatu mara moja kwa wiki kwa miezi miwili mfululizo basi jibu umelipata, na siyo kwamba huna akili, ni kwamba maisha yako ya sasa hayana nafasi ya mtihani huo. Ukiyapata, na mwalimu akaona D inakuja, nenda karisiti, mara moja tu. Mimi nipo upande huo.

Diploma usiidharau lakini. Kwa principal mbili na hiyo three unaangukia kwenye sifa za diploma ya ualimu, miaka miwili, na ukitoka na wastani wa B, au GPA (wastani wa alama za chuo) ya 3.0, mlango wa digrii unafunguka. Ila soma tangazo la mwaka husika, kuna miaka vyuo vya serikali vinataka zaidi watu wa sayansi, na uliza mapema kama ni lazima kulala chuoni maana una mtoto. Kuna pia foundation, kozi ya kukuandaa kuingia digrii, ya Chuo Kikuu Huria, unasoma ukiwa nyumbani, lakini nayo inakudai GPA ya 3.0 mwishoni na ada unajilipia mwenyewe.

Mume wako usibishane naye. Ukimwambia nataka kusoma anasikia hela zinaondoka bila mwisho. Mwandikie kwenye karatasi, ada ya NECTA kiasi hiki, kituo cha kufanyia mtihani kiasi hiki, nauli, mtu wa kukaa kibandani siku za mtihani, jumla yake hii, na nikikosa safari hii naenda diploma. Mtu akiona mwisho wa matumizi anaongea lugha nyingine.

Na hiyo aibu, mdogo wangu, matokeo ya form six NECTA wanayatoa kwa namba, jina halipo. Namba ya private inaanza na P, na anayeijua ni wewe na utakayemwambia. Hata mama huna lazima ya kumwambia mpaka utakapokuwa tayari.

Usajili unafungwa miezi mingi kabla ya Mei, usisubiri mwaka mpya. Ukienda kituoni beba namba yako ya mtihani wa form four, maana wanataka waone zile credit tatu, yaani masomo matatu ya C au zaidi, kwanza.